Usiku tuliogundua dunia inaelea

Hii sijawahi kuisimulia popote sababu wenzangu watatu walinikataza, ila sasa mmoja kaolewa, mwingine yuko bandarini huko bize na makontena na wa tatu hapokei simu zangu, kwa hiyo naimwaga.

Mwaka wa mwisho chuo, fizikia. Grupu letu lilikuwa watu wanne: mimi, jamaa tuliyemwita Profesa sababu ya hesabu, dada mmoja mshika hela tukimwita Mama Bajeti, na Kimya ambaye jina linajieleza. Projekti yetu ni kupima G kubwa. Siyo g ndogo ile ya 9.8 ya vitu kuanguka, hiyo unafunga jiwe kwenye uzi linabembea unamaliza kabla chai haijapoa. G kubwa ndo inakwambia vitu viwili vyovyote vinavutana kiasi gani, na jibu ni kwamba vinavutana kidogo mpaka inatia huruma. Mwingereza Henry Cavendish alifanya jaribio hili London mwaka 1797 na 1798, kwa mtambo alioubuni mchungaji John Michell ambaye alikufa hata hajautumia. Yeye alikuwa anatafuta uzito wa dunia, akakuta dunia ni nzito karibu mara 5.4 kuliko maji ya ujazo uleule. Alikuwa na mipira miwili ya risasi, ile metali nzito, ya kilo 158 kila mmoja. Sisi tulikuwa na nauli.

Chuoni haikuwezekana maana lori likipita barabarani tu mtambo wote unacheza, na mimi na kimbelembele changu nikasema twendeni Tanga kwa bibi yangu, Ngamiani, nyumba ya zamani kuta nene, kule usiku unasikia baiskeli tu. Wakakubali haraka, nadhani ni habari za samaki wa kupaka.

Risasi tulinunua kwa wavuvi pale Deep Sea, zile chubwi za nyavu, tukanunua mpaka muuzaji akauliza kama tunaenda kuvua nyangumi au meli. Tukaziyeyusha uani kwenye jiko la mkaa, na kalibu tulipata kwa kukandamiza chungwa la Muheza kwenye mchanga, yakatoka machungwa mawili ya risasi kilo mbili na nusu kila moja, mazuri, mpaka mtoto wa jirani akaja kujibebea moja, akalinyanyua, akalirudisha taratibu akaondoka bila kusema neno. Kosa letu ni sufuria. Risasi ni sumu, sufuria iliyoyeyushia haipikiwi tena, na sisi tulichukua iliyokuwa karibu bila kuuliza. Ilikuwa ya bibi, ya biriani. Ya harusi yake.

Basi bwana, mtambo wenyewe: fito nyepesi imening'inia katikati kwa waya mwembamba kama unywele tuliopewa na fundi wa kusuka mota, kila ncha ina chubwi ya gramu 50, yote ndani ya kabati la kioo la kuuzia maandazi ili upepo usiingie. Kwenye fito kuna kipande cha kioo, unakipiga na kalamu ya leza, kidoti chekundu kinatua ukutani mita nne mbali. Ukisogeza yale machungwa karibu na chubwi, fito inajizungusha kidogo na kidoti kinahama. Kwa hesabu ya Profesa kilitakiwa kihame sentimita moja na nusu hivi. Nguvu inayoisukuma hiyo fito, naomba mnielewe, ni ndogo zaidi ya mara elfu kumi kuliko uzito wa mbu. Mbu mmoja! Na tulikuwa Tanga!

Cavendish aliogopa joto lake mwenyewe lingetibua hewa chumbani, akakaa nje akachungulia kwa darubini kupitia tundu la ukuta na mipira akawa anaisogeza kwa kamba. Na sisi hivyohivyo, tukakaa koridoni tunachungulia kidoti kwa ufa wa mlango, kamba zetu za katani, mkoa wa mkonge huu ungetaka nini kingine.

Sasa bibi. Bibi kaniona naingia na machungwa ya chuma, kaona chumba cha marehemu babu kimezibwa madirisha kwa mablanketi, kaona taa nyekundu ndogo saa sita usiku, akaniita jikoni.

"Mume wangu, hebu nambie kweli, mnafanya nini mle?"

Nikamweleza vizuri tu, kisomi. Bibi, kila kitu duniani kinavuta kila kitu, hata hizi risasi zinavutana zenyewe bila mtu kuzigusa, sema ni polepole na hatuoni kinachozivuta.

"Hamkioni."

"Hatukioni bibi."

"Na kinavuta usiku."

"Kinavuta muda wote, sema sie tunakipima usiku."

Akaniangalia sana. Akasema haya, mkale. Na mimi bwege nikaenda kuwaambia wenzangu kwamba bibi kaelewa fizikia kuliko nusu ya darasa letu.

Siku tatu za kwanza hatukupata kitu cha maana. Mara mpita njia anakohoa dirishani, mara paka, na fito ikishtuka inabembea, mbembeo mmoja tu ni kama dakika sita, unasubiri saa nzima itulie. Usiku wa tatu akaja mjumbe na vijana wawili na rungu, watu wa mtaa wamelalamika. Mama Bajeti akajibu kwa adabu zote, shikamoo mzee, tunapima uzito wa dunia.

"Kwa kibali cha nani?"

Tulimwonyesha barua ya chuo, akaisoma yote kwa tochi, akasema mhuri haujakolea.

Alhamisi ndo mambo yakatokea. Nyumba nzima inanukia ubani, kawaida ya bibi kila usiku wa kuamkia Ijumaa, sisi koridoni tumebanana. Saa saba hivi Kimya akavuta kamba. Kidoti kikaanza kuondoka. Kikapita alama ya sentimita moja, mbili, tano, kumi, kikaendelea tu kama kina safari zake, kikaenda kusimama sentimita arobaini huko kwenye kalenda ya msikiti. Kimya akasema "eeh!", neno lake la kwanza tangu tushuke kwenye basi.

Profesa akapiga hesabu kwenye simu, akarudia, akarudia. G yetu ilikuwa kubwa karibu mara 27 ya ile ya vitabuni. Na kama G ni kubwa hivyo, kwa vile uzito wa vitu tunaujua, basi dunia yenyewe lazima iwe nyepesi mara 27. Akagawanya. Akatutazama macho yamemtoka.

"Jamani. Dunia ni nyepesi kuliko maji. Dunia ni kama kizibo. Inaelea."

Badala ya mtu kusema tumekosea, tukakumbatiana. Mama Bajeti akaanza kulia. Mimi nikampigia supavaiza wetu saa nane usiku, nikamwambia mwalimu Cavendish alikosea, kukawa kimya kirefu halafu akauliza, "Mmekula?" Akakata.

Ijumaa tukarudia, hamna kitu, kidoti kimelala. Jumamosi hamna. Jumapili, kidoti tena kwenye kalenda! Profesa akaanza kuongelea mwezi na maji kujaa na kupwa. Ndo nikasema hapana, Jumatatu mimi nalala mlemle ndani, mvungu wa kitanda cha babu, liwalo na liwe, hata kama joto la mwili wangu litaharibu.

Saa saba kasoro mlango wa uani ukafunguka polepole, mlango ambao sisi wasomi wanne tulikuwa tumeusahau kabisa. Nikaona miguu pekupeku, pindo la kanga, na chetezo kimejaa makaa mekundu na ubani juu. Miguu ikaenda moja kwa moja mpaka kwenye meza, ikachuchumaa, chetezo kikawekwa chini ya kabati la maandazi, upande mmoja, kwa heshima kabisa. Halafu sauti ya chini: "Kama umekuja kwa kheri kaa, kama umekuja kwa shari toka, mjukuu wangu ana mitihani."

Nikacheka nikapiga kichwa kwenye chaga. Bibi alitoa ukelele ambao nadhani ulifika Raskazone, chetezo kikapinduka, meza ikatikisika, na ule waya mwembamba kama unywele, ti! Chubwi zikaanguka kwa kasi ambayo g ndogo ingeridhika nayo kabisa.

Kumbe alikuwa ananipenda tu. Makaa yakichemsha hewa ya chini ya kabati, hewa inapanda upande mmoja inashuka mwingine, fito inasukumwa kama tanga la ngalawa, ndo dunia yetu inaelea. Nilipomweleza akasema, "Weye si ulinambia mle mna kitu hakionekani kinavuta usiku? Miye ningekaa tu nikuangalie?"

Tulifunga waya mpya, bibi mwenyewe akakaa mlango wa uani na kiti chake kulinda, hata mjumbe alirudishwa. Jibu letu la mwisho lilizidi la vitabuni kwa theluthi moja, ambayo kwa machungwa ya mchangani mimi naita ushindi. Kwenye ripoti, sehemu ya vyanzo vya makosa, Profesa aliandika kwa uaminifu: mtikisiko, unyevu, ubani.

Supavaiza alizungushia duara jekundu neno ubani, pembeni akaweka alama ya kuuliza, na chini yake kwa herufi ndogo: "Wa maka au wa kawaida?"

Sufuria ya biriani bado nadaiwa.