Bastola kiunoni ndani ya nyumba Dar? Mimi napinga

Ndugu zangu mnaoishi nje na mnajenga nyumbani, hasa wenzangu wa Texas, nina neno nanyi. Siku hizi tukikutana hapa Houston, habari za tofali na bati za Goba, Madale na Kibada zikiisha tunahamia kwenye ulinzi, na wengi wanasema: nikirudi naomba kibali cha bastola, na nitaivaa hata nikiwa sebuleni.

Kwa hapa, hoja yao naielewa. Nafanya kazi na watu wanaopika chakula cha jioni bastola iko kiunoni. Watakwambia mtu akivunja mlango hatakusubiri upande ghorofani ukafungue sefu, na kwamba silaha iliyo mwilini mwako mtoto hawezi kuikuta kwenye droo. Sheria nayo iko upande wao. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kuweka bastola nyumbani kwa kujilinda ni haki ya kikatiba. Tangu Septemba 2021, Texas mtu wa miaka 21 na kuendelea, asiye na rekodi ya kumzuia, anaibeba hata barabarani bila leseni.

Lakini itazameni nyumba yenyewe. Nyumba nyingi ninazozijua hapa zina baba, mama na watoto, basi. Mgeni anataarifu wiki nzima kabla. Saa nane usiku ukisikia nyayo jikoni na wenzako wote wamelala, unajua kuna jambo.

Sasa njoo kwetu Tabata. Humo analala mama, dada wa kazi, mpwa anayesoma chuo, na binamu aliyekuja kutoka Singida kutibiwa Muhimbili. Kesho atafika mwingine ambaye hakuna aliyeambiwa, maana mabasi ya mikoani siku hizi yanashusha watu stendi ya Magufuli hata usiku wa manane. Kuna anayeamka saa tisa kukinga maji kabla hayajakatika, na mwezi wa Ramadhani nyumba nzima iko macho kwa daku. Kwetu nyayo za usiku ni za watu wetu. Hapo umeme umekatika, wewe umeamka na usingizi na bastola mkononi. Unampiga nani?

Oscar Pistorius, yule mwanariadha wa Afrika Kusini, alikuwa amelala na mtu mmoja tu chumbani kwake Pretoria, tarehe 14 Februari 2013. Alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo, akasema alidhani ni mwizi. Aliyekufa ni mpenzi wake, na mwishowe mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji. Tena bastola haimsubiri mwizi peke yake, hata siku ya ugomvi iko humo humo. Mei 2022 tulisikia sote habari ya mfanyabiashara wa Mwanza aliyemuua mkewe kwa risasi nyumbani kwao. Na hapa Marekani, zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki wamejiua wenyewe. Hilo wenye maduka ya silaha hawalitangazi.

Hofu ya Dar siidharau. Mwaka 2022 panya road, yale magenge ya vijana, walipoingia kwenye nyumba za watu na mapanga, nilikuwa napiga simu nyumbani kila usiku. Ila kumbukeni Stakishari, Julai 2015: majambazi walivamia kituo cha polisi, wakaua askari na kuondoka na bunduki. Kama silaha inatafutwa kiasi hicho, mtaa ukishajua kwamba wewe wa Marekani una bastola, umejilinda au umewaita?

Kinachotulinda Dar ni watu. Jirani anasikia yowe na anatoka. Nalo lina ubaya wake mkubwa, nausema kwa uchungu: mtu akiitiwa mwizi anaweza kupigwa na kuchomwa moto kabla hajaulizwa jina, na sitaki mtu yeyote afe hivyo mlangoni kwetu. Ndiyo maana nataka fedha zetu ziende kwenye ulinzi shirikishi wenye vijana wanaojulikana serikali ya mtaa, wanaomkamata mtu na kumfikisha kituoni akiwa hai. Wekeni taa za sola nje, nondo madirishani, na namba ya simu ya jirani wa kila upande. Mkienda likizo msijifungie ndani ya geti, nendeni mkamsalimie mjumbe na mwenyekiti wa mtaa wawajue.

Anayebeba fedha nyingi za biashara akaomba kibali polisi kwa mujibu wa sheria ya silaha ya mwaka 2015, huyo simsemi. Nasema na wewe unayetaka kuivaa sebuleni. Nijibu hili tu: mpwa wako akirudi saa tisa usiku, simu imezima, umeme hakuna, akaruka ukuta ili asimwamshe bibi, utamtambuaje?