Nilivyonyoosha Mafolda, Nikaacha Mzimu
Kulifikia faili la tarehe kwenye mradi wetu ilibidi upite `src/main/modules/common/shared/helpers/`. Ukifika umeshasahau ulichofuata. Tawi la `toleo-2`, yaani nakala ya msimbo inayoendelea sambamba na tawi kuu `main`, nalo lilikuwa na msitu wake, faili lilelile anwani nyingine, na kila rekebisho likitoka `main` kwenda huko `git cherry-pick` (amri ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo, ya kunakili badiliko moja toka tawi hadi tawi) ilikuwa inabahatisha. Nikajitwika: folda tatu tu chini ya `src`, basi.

Nikaanza kwa `mv` ya kawaida, amri ya kuhamisha faili. Tulikuwa na `index.js` 11, na `mv` haijui kupiga hodi: ikimkuta mwenyeji inamfuta. Waliingia 11, akabaki mmoja. `git restore .` ikawafufua, nikahamia `git mv`, ambayo hugoma kufunika faili lililopo.

Jioni, kabla ya kufunga komiti (kifurushi cha mabadiliko ambacho Git inakihifadhi), nikapitisha na programu ya kunyoosha msimbo. Ikageuza kila tabu kuwa nafasi nne. Tabu zenyewe ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza. `toleo-2` nikaliahidi kesho.

Kesho akaniwahi mteja: ankara zake za kati ya saa sita na saa tisa usiku zinatoka na tarehe ya jana, maana msimbo ulikuwa unasoma saa ya UTC, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Mstari mmoja ndani ya `src/zana/tarehe.js`, anwani mpya ya faili la tarehe kwenye `main`, halafu cherry-pick kwenda `toleo-2`. Skrini ikajibu `CONFLICT (modify/delete)`: upande mmoja umelibadili faili, mwingine eti umelifuta. Git haiandiki popote kwamba faili limehama. Hulinganisha yaliyomo, na yasipofanana angalau asilimia 50 inahesabu moja limekufa, jingine limezaliwa. Nami nilikuwa nimegusa karibu kila mstari. Haraka haraka: `git add .` (pokea yote yalivyo), endelea. Majaribio yote kijani, tukapeleka.

"Kaka, tarehe bado ya jana," akapiga simu dada wa huduma kwa wateja.

Kijani kilikuwa halali kabisa. Rekebisho lilikaa salama kwenye `src/zana/tarehe.js`, faili ambalo katika tawi lile hakuna anayeliita. La zamani liliendelea na mambo yake. Nikaubandika mstari kule kwa mkono.

Mwenzangu akashauri nitenganishe komiti, ya kuhamisha peke yake na ya kunyoosha peke yake. Inafaa kwa `git log --follow`, inayofuatilia historia ya faili hata likihama, ila cherry-pick haipiti historia ya katikati, inatazama ncha tu. Kushusha kile kipimo cha asilimia 50 kwa `-Xfind-renames=30%` nako kulioanisha mafaili yasiyojuana hata kwa salamu. Ikabaki kuyafanya yaleyale, mafolda na nafasi nne, ndani ya `toleo-2`.

Usiku nikaendesha skripti ya `git mv`. Ikateremka vizuri mpaka herufi T, ikasimama: `fatal: destination exists`. Mlangoni kajaa `src/zana/tarehe.js`, mpangaji niliyemwingiza mwenyewe kwa `git add .`, nikasahau kumtoa.