Kuhesabu wagonjwa wa kipindupindu mwaloni kuna faida kwa nani?

Kipindupindu kikizuka kwenye vijiji vya Kigoma vilivyo kando ya Ziwa Tanganyika, mabishano huwa yale yale. Wananchi na madiwani wao husema wamechoka kuhojiwa: chanzo kinajulikana, watu wanakunywa maji ya ziwa wanamojisaidia, leteni bomba na vyoo, fedha za utafiti zingetosha kuchimba visima. Wataalamu wa epidemiolojia, yaani wale wanaoufuatilia ugonjwa ndani ya jamii nzima badala ya mwili wa mgonjwa mmoja, hujibu kwamba bila kujua nani kaugua, wapi, lini, na jirani yake kanusurikaje, hata bomba lenyewe litawekwa pasipo pake.

Uchovu wa wananchi nauelewa. Mama mwenye mtoto aliyetoka kuwekewa dripu anaulizwa kaya yake ina watu wangapi, anachota wapi, anachemsha au hachemshi, choo kiko umbali gani. Anajibu yote, fomu inafungwa, gari linaondoka. Mwaka unaofuata anakuja mwingine na fomu inayofanana na ile.

Lakini hoja ya "chanzo tunakijua" ina shimo, na shimo hilo lilionekana ng'ambo ya ziwa, mjini Uvira, Kongo. Watafiti walichukua daftari la kituo cha kutibia kipindupindu la kati ya 2009 na 2014, wakaliweka sambamba na kumbukumbu za mtambo wa maji wa mji, siku kwa siku. Matokeo yalichapishwa 2015: mtambo ukishinda siku nzima bila kutoa maji, wagonjwa waliohisiwa kuwa na kipindupindu katika siku 12 zilizofuata waliongezeka kwa asilimia 155, ukilinganisha na siku uliyofanya kazi vizuri. Karibu robo ya waliolazwa walihusishwa na upungufu huo wa maji. Mabomba Uvira yalikuwepo. Yakikauka, watu walirudi ziwani na ndoo zao. Hakuna aliyetolewa damu wala kugongewa mlango ili hilo lijulikane, kwa sababu madaftari yote mawili yalikuwepo tayari. Anayedai bomba kwa hiyo anadai nusu ya dawa. Nusu nyingine ni bomba lisilokatika, na hiyo isingejulikana bila watu wa hesabu.

Sasa tugeukie udhaifu wa hesabu zenyewe, maana hapo wataalamu nao wana deni. Idadi ya wagonjwa peke yake haisemi kitu mpaka ujue imetoka katika watu wangapi, na mwaloni, yaani pale mitumbwi inaposhushia samaki, swali hilo ni gumu kuliko linavyoonekana ukiwa Dodoma. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Giza likiingia, wavuvi, wapakuzi, waanikaji na wachuuzi humiminika mwaloni. Mbalamwezi ikitawala, nyavu zinaanikwa na wengi wanarudi makwao. Tuseme wameugua watu 20. Kama mwaloni wapo 2,000, hiyo ni asilimia moja. Kama wamebaki 400, ni asilimia tano, na uamuzi wa kupeleka dawa na wahudumu unabadilika kabisa. Sensa ya 2022 iliupa Mkoa wa Kigoma watu 2,470,967, kwa kuuliza nani alilala wapi usiku wa kuamkia Agosti 23. Mwezi uliandama siku chache baadaye, kwa hiyo usiku ule ulikuwa wa giza, na huenda mialo mingi ilikuwa imejaa. Mtafiti atakayeibeba namba hiyo kama ilivyo hadi msimu wa mbalamwezi atapotoka. Wa kumsahihisha si kompyuta. Ni mtendaji wa kijiji na viongozi wa mwalo, wale wale waliochoka kuhojiwa.

Yapo mazingira ambamo upande wa "tendeni kwanza" unashinda bila ubishi. Mei 2015, zaidi ya Warundi 50,000 waliokimbia machafuko walikuwa wamerundikana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, na tegemeo la kuwatoa likawa MV Liemba, meli ya enzi za Wajerumani. Kufikia Mei 22, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilikuwa limeripoti wagonjwa wa kipindupindu wapatao 3,000 na vifo 31, huku wapya wakifika hadi 400 kwa siku. Pale aliyehitajika ni mtu wa maji safi, ORS (dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) na boti. Hata hivyo mtu wa daftari hakuwa bure. Vifo 31 kati ya 3,000 ni kama asilimia moja, kiwango ambacho penye matibabu mazuri vifo hutakiwa visikivuke, ilhali kipindupindu kikali kisipotibiwa huweza kuua nusu ya wanaougua. Namba hizo ziliwaambia wauguzi kwamba tiba inawafikia watu, ila mkondo wa wagonjwa wapya haujazibwa. Juni, wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu, mkoani humo humo, walipewa chanjo ya kunywa.

Kuna gharama moja ambayo mabishano haya huiruka, nami inaniuma. Idadi ikitangazwa, mama lishe hufungiwa genge na wanunuzi wa dagaa hukimbia. Hakuna fidia. Ndiyo maana mgonjwa hupelekwa usiku duka la dawa badala ya zahanati, hesabu inashuka, na mkubwa fulani anatangaza kuwa ugonjwa umekwisha. Tiba ya hofu hiyo ni hesabu makini zaidi. Kidudu cha kipindupindu hakivumilii ukavu wala moto. Dagaa waliokauka vizuri na ugali uliotoka jikoni ukiwa wa moto havistahili adhabu moja na maji ya kunywa yaliyochotwa ziwani. Mtaalamu anayeweza kusema ni maji ya upande gani yaliyoleta mlipuko anaokoa genge la mama huyo. Asiyeweza hufunga yote.

Kwa hiyo nakubali hesabu, kwa sharti. Utafiti wa afya nchini hupitia kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na mhojiwa huambiwa ana haki ya kukataa. Mwananchi ambaye hajawahi kuletewa majibu ana kila sababu ya kuitumia haki hiyo. Majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili na kwa Kiha inapobidi, kabla ya kwenda kwenye majarida ya Kiingereza, na muuguzi anayejaza MTUHA, yale madaftari ya takwimu za vituo vya afya, awe wa kwanza kuyapata.

Pa kuanzia pasipohitaji mfadhili papo. Penye mradi wa maji, mwendesha pampu aandike kila siku pampu iliposimama. Zahanati inaandika wanaoharisha. Kila Jumatatu mhudumu wa afya ngazi ya jamii ayafungue madaftari hayo mawili mezani kwa mtendaji. Pampu ikisimama siku mbili mfululizo, dawa ya kutibu maji igawiwe kaya kwa kaya, bila kumsubiri mgonjwa wa kwanza.