Linux isiyokuwa na Linux ndani

Ukitaka kuharibu mazungumzo ya watu wa kompyuta, we subiri mtu aseme "natumia Linux", ule mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, alafu umrekebishe, "unamaanisha GNU/Linux". Watacheka, mmoja atakutupia ule utani wa zamani wa jamaa mwenye ndevu anayekatiza watu kila wakitaja Linux, na mada itafia hapohapo. Mi mwenyewe nimecheka sana huko nyuma. Siku hizi sicheki, na kilichonibadilisha ni kitu cha 2016, nitakifikia.

Kwa ambaye kapitwa: 1983 Richard Stallman, ndiye huyo mwenye ndevu, alitangaza anajenga mfumo endeshi mzima ulio huru, akauita GNU, na Januari 1984 akaanza kazi. Hadi 1991 vitu vingi vilishakuwepo, kompaila ya GCC inayogeuza msimbo kuwa programu, Emacs ya kuandikia, sheli ya Bash inayopokea amri, leseni ya GPL inayotaka msimbo ubaki huru, kilichokosekana ni keneli, lile pande la ndani kabisa linaloongea na mashine yenyewe. Mwaka huohuo Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akaandika keneli. Vikaunganishwa, na mzigo wote ukabebeshwa jina la kilichofika mwisho. Stallman anaomba uitwe GNU/Linux, Torvalds na wengi wanaona Linux inatosha.

Wa Linux wana hoja, tusidanganyane. Keneli ni kazi ngumu, GNU walianza ya kwao inayoitwa Hurd mwaka 1990 na mpaka leo bado si kitu ambacho mtu anakiweka kwenye seva ya kazi akalala usingizi. Bila Torvalds GNU ingebaki sanduku zuri la vifaa unavyovitumia juu ya Unix, mifumo endeshi ya makampuni. Alafu mbona GNU peke yake? Madirisha kwenye skrini kwa miaka mingi yalichorwa na X iliyozaliwa MIT, kuna KDE ya mwonekano, kuna Firefox ya mtandao, kuna systemd ya kuwasha mfumo, kila mmoja akidai mkwaju wake (hiyo alama /) kwenye jina tutamaliza lini? Na jina lenyewe kulitamka ni shughuli. Torvalds alishasema kuuita mfumo wote GNU Linux ni kichekesho, ila anayetengeneza distro (mfumo uliofungashwa tayari kusambazwa) ya GNU kweli aiite hivyo, ruksa. Wa distro ya Debian wanafanya hivyo toka miaka ya 90 na hakuna aliyekufa.

Tena Torvalds simlaumu hata kidogo. Hata jina si yeye aliyelisukuma, yeye alitaka Freax, aliyeweka faili kwenye seva kwa jina la "linux" ni mwenzake Ari Lemmke. Na ule ujumbe wake wa Agosti 1991 wa kutangaza kazi yake unasema ni hobi tu, haitakuwa kubwa wala ya kitaalamu kama gnu. Vitu viwili alivyosema keshafanikiwa kuviendesha juu yake ni bash na gcc, vyote vya GNU. Yaani siku hiyo ya kwanza mkubwa alijulikana ni nani, na mwenyewe wa keneli ndo aliyesema.

Wanaoitetea GNU wanaharibu wanapokimbilia namba. Utasikia, msambazaji mmoja zamani alihesabu akakuta programu za GNU ni asilimia 28 ya msimbo wote kwenye distro, Linux asilimia 3. Alafu 2008 GNU wenyewe wakahesabu hazina kuu ya programu za distro ya gNewSense wakapata asilimia 15 kwa 1.5. Mara tisa, mara kumi! Inasikika kama mchezo umeisha. Ila kaa nazo hizo namba kidogo. Kwanza 28 ina maana 72 si ya GNU, sasa ukishinda kwa 28 umeshinda nini? Ilivyofika 2008 imeshuka kwa karibu nusu, kwenye distro ambayo ilikuwa ya watu wa upande wao kabisa, na huo mteremko hausimami maana kila programu mpya inayoingia inanyonya asilimia ya wengine. Alafu keneli nayo imenenepa, sasa hivi imepita mistari milioni 30, nyingi zikiwa draiva, programu za kuendeshea vifaa ambavyo kompyuta yako haijawahi kuviona. Ukikubali mistari ndiyo kipimo cha heshima, basi kila mwaka unahesabu upya, na siku moja mwenye draiva za kadi za picha atakuja kudai mfumo uitwe kwa jina lake. Hoja ya asilimia ni ya kushinda ubishi wa jioni moja, haibebi kitu cha miaka arobaini.

Kinachobeba ni swali lingine: nani alikusudia kujenga mfumo mzima? Wa X walikuwa wanajenga X. Wa Apache wanataka seva ya wavuti. Torvalds alitaka keneli ya kuchezea kwenye kompyuta yake ya 386. Mmoja tu alikaa chini akaorodhesha kila kinachohitajika ili mtu aweze kutumia kompyuta bila kumpigia magoti mwenye programu, akaanza kujaza mapengo moja baada ya jingine. Kiswahili kwa bahati nzuri kinatenganisha "huru" na "bure", Kiingereza hakina bahati hiyo, na ni kwa ajili ya hilo "huru" ndo Stallman anang'ang'ania jina. Watu wanadhani anataka sifa. Sawa, kidogo anataka, binadamu. Ila hoja yake siku zote ni kwamba anayesikia GNU anaweza kuuliza hiyo ni nini, akakutana na habari ya uhuru, anayesikia Linux tu anakutana na kijana aliyefanya kitu kwa kujifurahisha.

Nenda kwenye distro ya kawaida, fungua teminali, dirisha la kuandikia amri, andika uname -o, yaani uliza jina la mfumo. Inakujibu GNU/Linux. Andika ls --version, shuka mpaka mstari wa mwisho, kuna majina mawili ya walioiandika, Richard M. Stallman na David MacKenzie. Ile ls! Amri ya kuorodhesha faili unayoipiga mara mia kwa siku, jina la mtu tunayemcheka limo humo.

Sasa 2016. Microsoft walitoa kitu cha kuendesha Bash na programu za distro ya Ubuntu ndani ya Windows. Toleo lile la kwanza halikuwa na keneli ya Linux, kabisa, walichoandika ni tabaka linalopokea maombi ya programu na kuyatafsiri kwa keneli ya Windows. Juu yake ilikaa Bash, ls, grep, tar, glibc (maktaba ya msingi ambayo programu huitegemea), karibu chote ulichokigusa hapo ni GNU. Jina wakaliita Windows Subsystem for Linux. Keneli halisi ilikuja na toleo la pili, lililotangazwa 2019. Miaka mitatu watu wametumia GNU bila Linux na wote tukaiita Linux, mimi nikiwemo! Mtetezi atasema tabaka lile liliiga maombi ya keneli ya Linux, jina lina haki. Nakubali kiufundi. Ila mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, maana kama Linux ikiwepo jina ni Linux, na isipokuwepo jina bado ni Linux, hiyo hoja ya "keneli ndiyo moyo wa mfumo" ilikuwa inafanya kazi gani?

Kuna sehemu Stallman ananikwaza. Leseni ya zamani ya BSD, Unix ya chuo cha Berkeley, ilitaka kila tangazo litaje chuo hicho, wengine wakaiga kwa majina yao, na yeye ndiye aliyelalamika sana, akahesabu sentensi 75 za namna hiyo kwenye NetBSD, mmoja wa wazao wa BSD, ya 1997. Berkeley wakalifuta sharti hilo 1999. Sasa wewe wa kulalamikia mlolongo wa shukrani unakujaje kuomba mkwaju? Tofauti ninayoiona ni kwamba ile ilikuwa sharti la kisheria, hii ni ombi tu, GPL haikulazimishi popote kutaja GNU. Tofauti ipo, ila ni nyembamba, na ningependa angeisema mwenyewe mara nyingi zaidi.

Na ombi lenyewe lina mipaka. Android ina keneli ya Linux lakini GNU hamna, distro ya Alpine inatumia musl na BusyBox, vibadala vya vifaa vya GNU, hizo kuziita GNU/Linux ni kosa na Stallman mwenyewe hadai Android. Kinachonishughulisha ni Ubuntu 25.10 ya Oktoba 2025, imeondoa coreutils za GNU (amri za msingi kama ls) kama chaguo la kawaida na kuweka zilizoandikwa upya kwa lugha ya Rust, chini ya leseni ya MIT, inayoruhusu msimbo kufungwa, badala ya GPL. Bash bado ipo, glibc bado ipo. Ila ukiandika ls --version pale, yale majina mawili hayatokei tena.