Mheshimiwa, tumalize lile la 2020 kwanza

Kwenye kaunta buku langu kuna ukurasa wa deni la Septemba 2020 ambao kila nikiufikia naguna. Viti 150, maturubai 3, jenereta na spika, siku 4. Chini yake: taslimu 800,000, mafuta ya gari la matangazo. Pembeni ya jina la mdaiwa, kwa wino mwekundu, niliandika mwenyewe neno moja: "wetu". Yaani asisumbuliwe.

Nakodisha vifaa vya shughuli hapa Moshi, harusi na misiba hasa. Huyu ndugu tulikuwa chama kimoja, tulibandika mabango pamoja usiku kuanzia Majengo mpaka Pasua. Oktoba 28 akashinda udiwani, tukaimba hadi sauti zikakauka. Wiki ya pili nikampigia. "Kaka, ngoja tuapishwe." Wakaapishwa. "Kaka, posho bado." Baadaye simu ikawa inapokewa na kijana wake: mheshimiwa yuko kikaoni. Sijui ni kikao gani kile kilichochukua miaka minne.

Msimu wa 2025 ulipoanza kunukia, akaja mwenyewe dukani. Amekonda kidogo, ananiita "mwenyekiti", cheo ambacho sijawahi kuwa nacho hata kwenye kikoba. Anataka maturubai tena. Nikafungua kaunta buku, nikamgeuzia. Akasoma, akalifunga taratibu kama mtu anayefunika chungu, akasema, "Kaka, huu si wakati wake. Wapinzani wakisikia tumekwisha."

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi chamani, walioniambia kudai msimu wa uchaguzi ni usaliti. Usaliti kwa nani? Jenereta langu halina kadi ya chama. Vijana walioshusha vile viti niliwalipa jioni ile ile, tena kwa pesa ya msiba wa watu wengine. Na wakati mwingine ni upi? Akishinda, hana muda. Akianguka, hana kitu, na ukimdai watasema unamcheka. Anapohitaji kura na maturubai, ndipo anapokuona usoni.

Kuna namna ya kudai, hata hivyo. Kijana mmoja wa kambi nyingine alinifuata Mbuyuni nikinunua kamba, akaniomba nikalisimulie deni langu kwenye mkutano wao. Nauli juu yake, na soda. Nilikataa. Pesa nataka, lakini nikilipeleka deni jukwaani litakuwa mali ya umati, na umati hautanilipa. Halafu mama yake mheshimiwa ndiye aliyempikia mke wangu mtori wiki nzima alipojifungua. Hayo nayo yana uzito huku kwetu.

Kwa hiyo nilimwita nyumbani, sisi wawili tu, nikamwekea karatasi mezani. Sheria yetu ya ukomo inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba. Deni la Septemba 2020 likifika Septemba 2026 bila kufika mahakamani, nabaki na kaunta buku la kufungia karanga. Ila mdaiwa akilikiri kwa maandishi na kutia sahihi kabla ya hapo, hesabu inaanza upya. Ujumbe wa "nimekupata kaka" usikutoshe. Kamata sahihi. Kwa mtu mnayepatana, nadhani hiyo ndiyo heshima: humwaibishi, na wala hujifanyi umesahau.

Alijaribu kunichekesha. Uchagani mtu akikuletea jani la sale kuomba msamaha, kulikataa ni kujitafutia balaa, akaniuliza ningefanyaje angekuja nalo. Nikamwambia ningelipokea kwa mikono miwili na kumsamehe yale maneno ya kikaoni. Turubai moja lilirudi limeungua tundu la sigara. Hilo sale halilishoni.

Akacheka, akaomba kalamu. Maturubai ya safari hii nikamwambia yapo, malipo mbele. Siku tatu baadaye kijana wake, yule yule wa simu, alifika na bodaboda, bahasha mkononi, ndani laki tatu. Nikazihesabu mbele yake mara mbili, nikaandika, akatia sahihi. Neno "wetu" nimeliacha. Nimeongeza chini yake: "salio".