Mwavuli juu ya Mwanza: upepo upo, pa kutua je?

Ukitaka kujua kama hewa ya Mwanza inafaa kurukia, watazame korongo wa Mwaloni. Saa tatu asubuhi wamejikunyata juu ya mabati pale Kirumba wakisubiri utumbo wa samaki. Ikifika saa tano, mawe ya vilimani yakishashika moto, wanaanza kupanda mmoja mmoja, wanazunguka bila kupiga bawa, na baada ya dakika chache wamekuwa vidoti juu ya ghuba. Kinachowainua ni hewa moto inayopanda kutoka ardhini. Hiyohiyo ndiyo anayoitafuta mtu wa paraglaidi, yule anayekimbia mteremkoni akivuta mwavuli wa kitambaa mpaka miguu iache ardhi.

Vijana ninaokaa nao kijiweni wanataka kilima kimoja hapa mjini kifunguliwe kwa mchezo huu. Wanataka uanze Machi, maana video wanazozitazama za milima ya Alps zinaisifia sana Machi hadi Mei. Wazee wa mtaani wanasema huo ni wazimu: nyumba zimejaa mteremko mzima, ziwa liko chini, ndege zinapita juu. Nimewasikiliza wote kwa makini, kwa sababu mchezo wenyewe naupenda na mji huu naupenda zaidi.

Suala la Machi nalimaliza haraka. Kule Alps miezi hiyo ni ya machipuko. Jua limeshapata nguvu lakini hewa ya juu bado ni baridi ya kipupwe, kwa hiyo hewa moto ya bondeni hupanda kwa kasi kubwa. Warukaji wazoefu huifurahia, wanaojifunza huonywa. Na hata huko barabara za kufikia baadhi ya vilele huwa bado zimefungwa na theluji. Kwetu Machi hadi Mei ni masika. Wingu linajengeka huku unaliangalia, radi inafuata, na upepo unaotangulia mvua unaweza kumbeba mtu kama karatasi. Wenzetu wa Kenya wanaopokea warukaji Iten, juu ya Bonde la Kerio, wageni wao huja zaidi Januari na Februari, wakati wa ukavu. Kalenda ya Ulaya haitufai.

Upepo wenyewe unawapa vijana haki. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, na hewa ya ziwani huingia kujaza nafasi. Ndiyo maana jua likishakaza unausikia usoni ukisimama kwenye kilima kinachotazama ghuba. Siku nyingi za kiangazi unakuja hivyo hivyo, na mrukaji anauhitaji upepo wa namna hiyo, wa kumjia usoni, kilomita 10 hadi 20 kwa saa.

Lakini pigeni hesabu. Chukua kilima chenye kimo cha mita 150 juu ya ufukwe. Mwavuli wa kawaida husonga mbele takriban mita 8 kwa kila mita 1 unaposhuka, kwa hiyo hewa ikiwa imetulia utafika mita 1,200. Sasa weka upepo wa ziwani wa kilomita 18 kwa saa, na mwavuli unaokwenda karibu kilomita 36 kwa saa. Ule umbali unakatika nusu, zinabaki mita 600. Chini ya hizo mita 600 kuna nini? Mapaa ya bati, nyaya za umeme, kamba za nguo, watoto, halafu ufukwe wenye mawe na mitumbwi, na mahali pengine dagaa wa mtu wameanikwa mchangani. Ukigeuka kurudi, nyuma ya kilima upepo unajikunja na kukuangusha. Ukivuka ufukwe, uko majini umefungwa kwenye kiti cha mikanda na kamba kibao, na usipokuwa na jaketi la kuokolea na boti iliyo tayari, hapo ni kifo. Wazee hawajui hesabu hii, ila hofu yao ndiyo jibu lake.

Na hoja yao ya ndege ni ya kweli pia. Uwanja wa ndege uko Ilemela, karibu mno na vilima vya mji, na anga ina mwenyewe: Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Bila kibali chake hakuna mazungumzo.

Wanaponikosea wazee ni pale wanapofunga kitabu kabisa. Mwanza si vilima vya mjini peke yake. Toka nje kuelekea Magu au Misungwi, utakuta vilima vya mawe vyenye majaruba ya mpunga na malisho miguuni. Huko ndiko ningeanzia, na msimu ningeuacha mpunga uuamue. Wakati wa masika jaruba lina maji na mpunga umesimama. Atakayetua humo amekanyaga chakula cha watu. Mavuno yakiisha, kuanzia Juni hivi, jaruba ni kavu, limebaki mabua, na anga nayo imetulia. Mzee mmoja mwenye majaruba njia ya Magu nilipomuuliza kama angeruhusu, alinijibu: “Mpunga ukishatoka watue tu, mbona ng'ombe wanaingia. Ila waje kunisalimu kwanza.” Hicho ndicho kibali cha kwanza, kabla ya barua yoyote ya ofisini. Hata hivyo kiangazi nacho kina ukali wake: Agosti jua likiwaka juu ya ardhi tupu, visulisuli vya vumbi huzuka jarubani adhuhuri, na mwavuli ukikutana navyo karibu na ardhi hujikunja. Waruke asubuhi au jioni.

Na wakubali kushuka kwa miguu. Mwanzoni mwa 2013 kundi kubwa la warukaji kutoka nchi nyingi lilipanda Kilimanjaro likitaka kuruka kutoka juu. Hali ya hewa ikakataa, na wengi wao wakateremka walivyopanda.

Kuna hoja moja ya wazee ambayo sijapata jibu lake: kwamba wageni wataruka na vijana wetu watabeba. Mfuko wa mwavuli na kiti chake unafika kilo 15 hadi 20, na mlimani kwetu tumeshazoea kuona nani hubeba. Mimi nitaunga mkono mpango ambao kijana aliyeubeba mfuko huo msimu wa kwanza, msimu wa pili anafundishwa kuufungua, na ada yake ya mafunzo imeshakatwa kwenye malipo ya mgeni.