Tukiviondoa ufukweni, vyombo vitatengenezewa wapi?

Mabishano haya yapo Nungwi kule Unguja, yapo Kunduchi jijini Dar es Salaam, yapo Diani kwenye pwani ya Kenya, na maneno yake hayabadiliki sana. Upande mmoja unataka mashua, madau na ngalawa vilivyolazwa ufukweni viondolewe na kupelekwa kwenye kituo rasmi chenye uzio, mlinzi, gati na chelezo, yaani mahali pa kupandishia vyombo nchi kavu, na wenyewe walipe ada kila mwezi kama anavyolipa mwenye gari anapoegesha mjini. Upande wa pili ni wenye vyombo. Hao husikika wakisema kwamba hapo ndipo wazee wao walipovilaza vyombo vyao, na mazungumzo huishia hapo, maana hoja ya wazee haimgusi mwenye hoteli wala ofisa wa mipango. Naamini wenye vyombo wana hoja nzito kuliko hiyo. Tatizo ni kwamba haiulizwi, nao hawajazoea kuieleza kwa mtu asiyejua kalafati, ile pamba ya kuziba maungio ya mbao, ni kitu gani.

Nianze na wanaotaka vyombo vihamishwe, kwa sababu hawasemi uongo. Ufukwe unaotumika kama karakana huwa na misumari mchangani. Mafuta machafu ya mashine humwagwa palepale inapofunguliwa. Mwenye dau akifa au akiishiwa, dau lake hubaki limeinama kwenye mchanga miaka na miaka, likiota majani, na hakuna anayejua ni la nani wala nani wa kulivunja. Mashine za boti huibwa usiku, na anayeibiwa mara nyingi ni mvuvi aliyekopa kuinunua. Kituo chenye mlinzi na daftari la usajili kingemaliza sehemu kubwa ya hayo. Halafu kuna sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayopakwa mbao za juu: aliyezaliwa pwani haisikii tena harufu yake, lakini mgeni aliyelipia chumba kinachotazama bahari huisikia tangu asubuhi hadi usiku. Ajira za hoteli ni ajira za kweli, na vijana wengi wa vijiji hivyohivyo wanazitegemea.

Hayo yote nayakubali. Ninachokataa ni lile wazo la kuegesha. Gari likiegeshwa halifanyiwi kitu. Chombo cha mbao kinapopwelezwa ufukweni, yaani kinapoachwa kikae mchangani maji yakipwa, hapo ndipo kazi yake kubwa inapoanza.

Fikiria asubuhi ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Katika mwambao wetu, siku hizo maji hujaa alfajiri, kama saa kumi au saa kumi na moja, na hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Tofauti ya maji makuu na maji madogo hupita mita tatu. Mwenye mashua anaijua saa hiyo kuliko anavyoijua kalenda. Huisogeza mashua na maji ya alfajiri hadi juu kabisa, huishikilia, na maji yanapoanza kutoka huitia gadi, yaani miti ya kuiegemeza ubavuni isilale. Kufikia saa mbili mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima, umeonekana. Sasa kuna saa tano au sita za kufanya kila kitu kabla maji hayajarudi.

Kwanza hukwanguliwa utelezi, majani na vigamba vigumu vilivyoganda chini. Kisha fundi hupita bandi moja moja, yaani maungio ya mbao, akichokoa kwa ncha ya kisu. Palipolegea hutolewa kalafati ya zamani na kushindiliwa mpya, pamba iliyolowekwa mafuta, kwa patasi na nyundo, na masikio yake humwambia imeshiba au bado. Baada ya hapo huwashwa makuti makavu, na mtu huinama chini ya chombo akipitisha moto kando ya mbao upesi upesi: ukichelewa mahali pamoja unaunguza kalafati uliyotia sasa hivi, ukiharakisha mno moto haufanyi kazi. Mwisho hupakwa deheni, ile rojo nyeupe ya chokaa na shahamu, na maji ya alasiri yakifika chombo kinaelea. Gharama yake ni makuti, chokaa, mafuta, pamba, na ujira wa fundi ambaye mara nyingi ni jirani. Mchanga haulipiwi.

Moto ule una sababu, na sababu hiyo ndiyo ninayotaka isikilizwe kuliko nyingine zote. Katika maji yetu ya joto kuna mdudu anayekula mbao. Watu humwita funza, ingawa kwa jamii ni ndugu wa chaza na kome. Huingia kwenye mbao akiwa mchanga kabisa, kwa tundu dogo ambalo jicho halilioni, kisha hukua humohumo ndani akichimba njia kufuata uzi wa mbao. Hatoki tena. Mbao kwa nje hubaki nzima, rangi nzuri, bandi zimekaza, na ndani imekuwa matundu matupu. Fundi mzoefu hugonga kwa kitako cha nyundo na kusikiliza mlio. Asiyejua kusikiliza ataipitisha. Moto wa makuti, au kukauka kwa muda, humuua funza kabla hajaingia sana. Chombo kinachokosa mabamvua kadhaa mfululizo bila kupwelezwa kinaweza kuharibika bila mwenyewe kuona dalili yoyote, hadi siku ya upepo mkali, mbao iliyobaki ganda tu inapoachia katikati ya mkondo na watu wakiwa ndani.

Kwa hiyo ukimnyima mtu ufukwe, hatari huipunguzi. Unaitoa mahali ambapo watu wanaiona na kuinusa, unaipeleka baharini ambako hakuna anayeiona. Nchi zetu zimezika watu wengi majini: MV Bukoba mwaka 1996, MV Spice Islander mwaka 2011, MV Skagit mwaka 2012, MV Nyerere mwaka 2018. Misiba hiyo ilitufundisha kuhesabu abiria na kudai jaketi okozi, na ni sawa kabisa. Lakini dau la wavuvi halina orodha ya abiria, na likizama usiku haliundiwi tume. Jaketi okozi, taa na karatasi ya leseni huonekana mara moja mkaguzi anaposimama ufukweni. Chini ya mkuku hakuonekani mpaka chombo kipwelezwe. Tukifunga mahali pa kupweleza, tumefunga na mahali pekee ambapo hata ukaguzi wenyewe ungefanyika vizuri.

Hapo ndipo watu husema: basi tujenge kituo, chombo kitatolewa majini kwa mashine na kutengenezwa juu ya zege. Kwa boti ya faiba hilo ni sahihi. Kwa chombo cha mbao, angalia kinachotokea. Kikinyanyuliwa kwa mikanda, uzito wake wote hubebwa na mistari miwili mitatu tu, pale mikanda inapopita. Kikiwekwa juu ya zege jua kali wiki kadhaa, kwa sababu fundi hajapatikana au foleni ni ndefu, mbao hunywea, bandi hufunguka, na kalafati iliyolipiwa juzi huanguka yenyewe. Wanaopandisha vyombo vyao wakati wa masika huvifunika makuti na kuvimwagia maji ya bahari kwa sababu hiyohiyo. Moto hauruhusiwi, na hauwezi kuruhusiwa pale penye petroli na faiba kila upande. Hata ngalawa, kwa marengu yake mawili, yaani mbao za kando zinazoizuia isipinduke, hula nafasi ya boti mbili mahali palipopimwa kwa boti nyembamba.

Moto ukikatazwa, kinachobaki ni rangi yenye sumu ya kuzuia viumbe kuganda. Hapa nawaomba wanaotetea mazingira wapige hesabu tena. Rangi kali kuliko zote, ile yenye bati, ilikuwa ikidhuru konokono na chaza kiasi kwamba mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 uliipiga marufuku, na marufuku hiyo ikaanza kufanya kazi mwaka 2008. Zilizobaki nyingi hutumia shaba, na shaba hiyo huchujuka majini kidogo kidogo, kwa kuwa ndivyo inavyofanya kazi. Deheni nayo huyeyuka, lakini ni chokaa na mafuta ya mnyama. Sisemi ufundi wa zamani ni safi kabisa. Sifa hutokana na papa, na papa wamepungua. Mataruma, ile miti iliyopinda kama mbavu ndani ya chombo, hutokana na mikoko, na mikoko nayo imekatwa sana. Ninachosema ni kwamba moshi wa makuti unaomsumbua mgeni kwa saa moja umehesabiwa, na shaba itakayokaa kwenye matope chini ya gati miaka mingi haijahesabiwa.

Kisha ada. Kawaida ya marina nyingi, yaani bandari ndogo za boti za starehe, ni kutoza kwa urefu wa chombo, kwa mwezi, kitembee kisitembee. Kunyanyua hulipiwa, kushusha hulipiwa, umeme na maji mbali, na baadhi haziruhusu uje na fundi wako, kwa sababu za bima. Mwenye boti ya starehe hulalamika, hulipa, mwaka unapita. Mvuvi kipato chake hufuata upepo: kusi, ule upepo wa kusini, likichafuka anaweza kukaa nchi kavu siku nyingi, na ada inaendelea kuhesabika. Atakachofanya najua, na si kwamba ni mkaidi. Ataahirisha matengenezo bamvua hili, na lile, na jingine.

Kuna wanaosema dawa ni faiba, na Serikali ya Zanzibar imegawa boti za faiba kwa wavuvi na wakulima wa mwani chini ya sera yake ya uchumi wa buluu. Zina faida. Funza hazili, ni nyepesi, huhitaji fundi mara chache. Lakini nazo huganda vigamba na hukwanguliwa, ufa wake hutaka gundi ya kununua, na zikifa hazifi. Ufaransa imelazimika tangu mwaka 2019 kuweka mfumo maalumu wa kuzikusanya na kuzivunja boti chakavu za starehe, huku mchango ukitozwa kwa kila boti mpya. Kwa hiyo mabaki yale yanayochukiza macho ufukweni hayaletwi na umaskini wala ukale wa vyombo vyetu. Yapo hata kwenye marina za matajiri, tofauti ni kwamba mabaki ya mbao huoza na ya faiba hubaki.

Sheria yenyewe ina cha kusema. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inaitaja ardhi yote iliyo kati ya maji makuu na maji madogo kuwa ardhi ya umma. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kwenye karatasi, mchanga haujauzwa. Kinachokosekana ni njia ya kuufikia. Ukuta ukijengwa kutoka kiwanja hadi kiwanja, ufukwe unabaki wa umma kwa anayekuja kwa kuogelea tu. Fundi mwenye mbao begani, na mkokoteni wenye mashine, hao wamezibiwa bila yeyote kuandika kwamba wamekatazwa.

Nikiulizwa ninachotaka, nitasema hivi. Vituo vijengwe kwa ajili ya faiba na mashine, na mashine zilindwe humo, hata za wenye ngalawa. Mafuta machafu yawekewe mapipa, na atakayemwaga mchangani atozwe faini. Chombo kilichotelekezwa kivunjwe baada ya tangazo. Lakini katika kila ufukwe wenye mafundi, kipande cha mchanga kinachopwa vizuri kipimwe, kiandikwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, kiachiwe njia ya upana wa mkokoteni, na wenye vyombo wapweleze bila ada. Kipande hicho hakihitaji kuwa kirefu wala kushughulika kila siku. Siku za maji mafu, yaani kati ya bamvua na bamvua maji yanapojaa kidogo tu, chombo hakifiki juu hata ukitaka, kwa hiyo kazi ya moto na deheni huja kwa mafungu, asubuhi chache katika kila bamvua, na tarehe zake zinajulikana mwaka mzima kabla. Hoteli tayari hutumia jedwali hilohilo la maji kuwapangia wageni safari za kuzamia na kutembea mwambani. Zinaweza pia kulitumia kuwaambia ni asubuhi zipi wataona moshi, na kwa nini.